Tuba ile iliyong'aa

Wamama wapenzi, juma lililopita mmoja wenu alinisimamisha sokoni hapa Luvungi akaniuliza: "Mwalimu, ile tarumbeta kubwa tuliyolipia iko wapi?" Nikasingizia mvua, nikaenda zangu. Haikuwa mvua. Leo najibu vizuri, kwa sababu feza ilikuwa yenu.

Mnakumbuka fanfari ya masomo yetu ilikosa sauti ya chini, ile inayobeba sauti zingine kama mama anavyobeba mtoto mgongoni. Hiyo ndiyo kazi ya tuba. Mlitoa dola 300 kwenye likelemba ili tarehe 8 mwezi wa tatu, Siku ya Wanawake, defile yetu iwe na fanfari kamili. Mkanituma Bukavu, mkifikiri mwenye diploma ya ISP anajua yote. Mimi nilisomea historia!

Niliona tuba mbili za bei moja. Moja ilikuwa ya zamani, imebonyea, rangi imekufa. Nyingine ilikuwa mpya, inang'aa kama sahani ya harusi. Nikachukua inayong'aa. Iliteremka Ngomo juu ya gari, imefungwa ndani ya godoro, na tarehe 8 ililia vizuri, mkapiga vigelegele.

Mwezi wa sita pistoni zilianza kukwama. Fundi wetu wa kulehemu aliigusa akakataa: bati lake jembamba, moto utalitoboa. Vipuri vyake sikuvipata Bukavu wala Uvira. Tarehe 30 Juni binti anayeipiga alitembea kwenye mstari mikono mitupu. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyepiga tuba kanisani miaka mingi, nikamwomba anifundishe kuchagua. Aliniambia tuba ilibuniwa Berlin mwaka 1835, na tangu siku ile moyo wake ni pistoni. Bonyeza kila moja: ishuke na kupanda bila kukwaruza. Kisha vuta bomba lake dogo la pembeni bila kubonyeza. Ukibonyeza baadaye, usikie "po!" Kimya maana yake hewa inavuja. Kubonyea kwenye kinywa kikubwa si neno, lakini bomba jembamba karibu na mdomo lisiwe limebonyea. Madoa ya rangi ya waridi yanaonyesha shaba inaoza toka ndani. Chagua yenye pistoni tatu, ya aina ambayo watu wengi wanayo, ili vipuri vipatikane. Kwa mtoto, ndogo inamfaa kuliko kubwa.

Na matunzo: mafuta ya pistoni kila juma, maji yamwagwe baada ya kupiga, mfuko wa kuifunika. Vumbi la hapa uwandani Ruzizi halina huruma. Mafuta ya mawese hapana! Yanaganda.

Nilipokuwa namsikiliza niliwakumbuka washonaji walio kati yenu. Ninyi mnajua mashine ya zamani iliyotunzwa inaishinda mpya ya bei rahisi. Ningewauliza kabla ya kupanda gari, ningeokoa dola 300. Kule Kinshasa, orkestra ya Wakimbangu iliyoanza mwaka 1994 iliwahi kufunga nyaya za breki za baiskeli kwenye violini nyuzi zilipokatika. Chombo kinachodumu ni kile ambacho mikono ya jirani inaweza kukitengeneza.

Sasa kuna tuba ya zamani Uvira, dola 250. Toka mwezi wa saba naweka kando sehemu ya primu yangu, na nimefikisha 90. Siombi likelemba ilipe tena. Nawaomba wawili wenu, mmoja awe mshonaji, tuende pamoja tukaiangalie. Mkiwa na mimi, nikivutwa tena na mng'ao, mtanishika mkono.

Mnisamehe ule uongo wa mvua.