Ajali haina kinga? Mbona 2020 ilikuwa nayo

Najua nimepotea wiki mbili nzima, msininunie. Mwaka wa tano si mchezo, na sasa hivi niko zamu za usiku idara ya dharura. Naingia saa mbili usiku, natoka asubuhi macho mekundu kama nimepakwa pilipili. Leo niko off, boom limekata, pa kwenda hakuna, basi ngoja niandike.

Kuna msemo kila zamu lazima niusikie: ajali haina kinga. Anausema ndugu wa mgonjwa, anausema dereva aliyemleta, na hata sisi tunausema tukishavua glavu. Jumamosi usiku wanakuja wale wale. Kijana wa bodaboda, jamaa aliyechomwa kisu baa, mama aliyegongwa akivuka barabara. Ukiona hivyo wiki hadi wiki unaanza kuamini kwamba ni kama mvua, inanyesha tu.

Sasa juzi nikapangiwa kuwasilisha mada darasani: majeruhi kipindi cha korona. Sisi Tanzania mwaka 2020 hatukufungiwa ndani. Shule na vyuo vilifungwa Machi, mimi nikiwa kidato cha tano, lakini barabara na masoko yaliendelea. Kwa hiyo nikaenda kusoma habari za Afrika Kusini, nchi ambayo madaktari wanafunzi kutoka Ulaya hufunga safari kwenda kujifunza kutibu majeraha ya visu na risasi. Jamani, nilichokuta huko kilininyima usingizi wa mchana.

Walifungiwa kuanzia tarehe 27 Machi 2020. Kutoka nje marufuku bila sababu ya msingi, na pombe marufuku kuuzwa kabisa. Hospitali nyingi za mijini zikaona majeruhi wanashuka karibu nusu, nyingine zaidi ya nusu. Utasema sawa, watu wote wako ndani, nani atagongwa? Subiri.

Tarehe 1 Juni wakaruhusu pombe tena, ya kwenda kunywea nyumbani, Jumatatu hadi Alhamisi. Siku chache tu, madaktari wakaanza kulalamika kwamba wodi za majeruhi zimefurika. Tarehe 12 Julai, Jumapili usiku, Rais Ramaphosa akapiga marufuku tena, papo hapo, akataja wazi kwamba vitanda vinahitajika kwa wagonjwa wa korona. Safari hii watu wengi walikuwa wamesharudi kazini na magari yako barabarani. Watafiti wa huko wakahesabu vifo vya kuumia kwa zile wiki tano, wakakuta marufuku ile ilivipunguza kwa angalau asilimia 14. Desemba mwishoni wakafunga pombe tena, na usiku wa kuamkia 2021 zikasambaa picha za chumba cha majeruhi cha hospitali ya Baragwanath, Soweto, kiko kitupu. Mwaka mpya! Soweto! Kitupu!

Mwenzetu mmoja darasani akanibana: labda watu waliumia vilevile, ila waliogopa kuja hospitali. Swali zuri, na kwa vidonda vidogo inawezekana kabisa. Mwanamke aliyepigwa na mumewe huku kafungiwa naye chumba kimoja, atatokaje? Lakini mtu mwenye kisu kifuani halali nacho nyumbani. Anakuja hospitali au anapelekwa mochwari, na hivyo vifo ndivyo vilivyopungua.

Na msidhani kufungia watu ndiyo dawa. Marekani 2020 magari yalipungua barabarani lakini vifo vya ajali vikapanda, zaidi ya 38,000, kwa sababu barabara nyeupe ilimpa kila mtu hamu ya kukanyaga mafuta. Mauaji ya risasi nayo yakapanda vibaya. Na kule Afrika Kusini watu wengi wa baa na viwanda vya pombe walipoteza kazi. Simwambii mtu afunge baa, nisije nikapigwa mawe hosteli.

Ninachosema ni kidogo tu. Kama majeruhi wanaweza kupungua nusu kwa sababu ya chupa na saa za usiku, basi si mvua hiyo. Ina sababu, na sababu zinashikika.

Naandika hivi kwa sababu ya mwenzetu wa hosteli, wengi mnamjua, sitamtaja. Yuko wodini wiki ya tatu, paja limevunjika, amefungwa vyuma, na huenda akaahirisha mwaka. Walikuwa mshikaki, abiria wawili na dereva, saa nane usiku wakitoka pati, mvua inanyesha, kofia hakuna hata moja. Kofia ngumu inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Yeye kichwa kimepona kwa bahati. Yule mwenzake mpaka leo anauliza ni siku gani, akijibiwa anauliza tena.

Baba yake amesafiri toka Songea. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, ajali haina kinga, tumshukuru Mungu." Nikaitikia amina. Si mahali pa kumfundisha mzee takwimu pale.

Ila nyie si wazee. Ijumaa ijayo najua mnaenda tena, na mimi niko zamu. Changeni watu watatu mchukue bajaji, au laleni huko huko mrudi asubuhi. Mkishindwa vyote, mmoja mmoja kwenye boda, na dereva asiye na kofia ya abiria mwacheni apite. Na nikirudi asubuhi naombeni mniachie chapati mbili, maana nitakuwa hoi.