Kijiji Chenye Jina la Aibu

Kuna kijiji kidogo huko Dorset, Uingereza, kiitwacho Shitterton. Ndiyo, umesoma sawasawa. Jina ni la kale, na maana yake ni shamba lililo kando ya kijito kilichotumika kama choo. Wenyeji hawaoni haya. Shida yao ilikuwa wezi, maana kibao cha jina kiliibwa mara kwa mara. Mwaka 2010 wakachanga pesa, wakanunua jiwe la tani moja na nusu, jina likachongwa humo. Haya, beba sasa!

Nilicheka, kisha nikawaza: mtu wa huko akijaza anwani yake mtandaoni inakuwaje? Mwaka 1996 kichujio cha matusi cha AOL kiliwakataa wakazi wa mji wa Scunthorpe wasijisajili, kisa herufi nne zilizojificha katikati ya jina.

Kisa hicho nilikijua, na bado nikaandika kichujio kama hicho kwa tovuti ya mteja. Siku ya kwanza, mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliandika kwamba yuko karibu kumaliza kusahihisha mitihani. Programu yangu ikamwonya aache matusi! Msomaji, tazama herufi nne za mwanzo za "kumaliza", ila usizitamke mbele ya mama mkwe.

Nilimpigia simu kuomba radhi. Usiku huo nikarekebisha programu ilinganishe neno zima, si kipande cha neno. Wanakijiji walibadilisha kibao, si jina. Nami sikuwa na haki ya kumbadilishia mwalimu Kiswahili chake.