Neno la Mzee Kabla Hajanyamaza



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili hatutatafakari masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunaomba mturuhusu tuandike juu ya jambo ambalo limetukosesha usingizi, na ambalo ndani yake sisi wenyewe tunalo kosa la kuungama.

Yupo mzee mmoja katika parokia yetu, katekista mstaafu, ambaye kwa heshima yake na ya familia yake hatutamtaja jina. Asili yake ni milimani, upande wa Matombo, na huko bado ana shamba la migomba. Lakini nyumba anayoishi aliijenga pamoja na mkewe hapa mjini, chini ya mlima. Miaka miwili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, alitusubiri mlangoni pa sakristia, kofia mkononi. Akasema: "Baba Padre, kufa siogopi, maana wosia nimekwisha kuuandika. Ninachoogopa ni kuishi bila akili zangu. Siku hiyo nani atanisemea?" Sisi tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni. Tukamshika bega na kumjibu kwa maneno ambayo mapadre tunayajua mno: asiwe na hofu, bado ana nguvu, mengine amwachie Mungu. Alicheka kidogo, akashukuru, akaenda zake. Hakuuliza tena.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Uhai ulisalia, lakini maneno yalikwenda, na pamoja nayo sehemu kubwa ya ufahamu. Siku nyingine humtambua mkewe, siku nyingine humwamkia kama mgeni.

Miezi michache baadaye tuliitwa nyumbani kwake. Tulimkuta mpwa wake mkubwa, mtu mwema ambaye ndiye aliyekuwa akilipia dawa, akiwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa pamoja na kidau cha wino. Ilikuwa hati ya uwakili, yaani maandishi ambayo kwayo mtu humpa mwingine uwezo wa kutenda kwa jina lake: kuchukua fedha benki, kupokea kodi, kutia sahihi. Benki ilikuwa imekataa kutoa hata shilingi bila sahihi ya mwenye akaunti. Kilichotakiwa ni kidole gumba cha mzee, na sahihi ya padre kama shahidi, kwa sababu, walisema, sahihi ya padre haitiliwi shaka. Binti yake mkubwa alisimama mlangoni, amekunja mikono, hasemi neno. Mpwa akauinua mkono wa mjomba wake. Mzee akakitazama kidole chake kama mtu anayetazama kitu cha jirani.

Tulikataa kutia sahihi. Hatuandiki haya ili tusifiwe, maana kukataa kwetu hakukununua dawa hata moja. Juma lile jumuiya yake ilichanga fedha, na fedha hizo zilikwisha. Lakini kushuhudia kwamba mtu amekubali, ilhali tumeona kwa macho yetu kuwa hajui hata anachoulizwa, ni kushuhudia uongo.

Usiku ule tulifikiri sana juu ya tendo jingine tulilomfanyia mzee huyo huyo. Siku ya pili ya ugonjwa wake, akiwa hana fahamu, tulimpa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa bila kumuuliza chochote. Tulifanya hivyo kihalali. Kanuni ya 1006 ya Sheria za Kanisa yaagiza kwamba sakramenti hii wapewe wagonjwa ambao, walipokuwa na fahamu zao, waliiomba walau kwa namna isiyo ya wazi. Mtu aliyefundisha katekisimu miaka mingi alikwisha kuomba kwa maisha yake yote. Kwa hiyo Kanisa hulishika neno la mtu hata baada ya mwenyewe kushindwa kulirudia.

Katika sheria ya nchi mambo ni mengine, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Twadhani kwamba mzee akiandika hati ya uwakili mapema, angali na akili timamu, basi tatizo limekwisha. Kwa Sheria yetu ya Mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili zake. Maana yake ni kwamba hati ile hufa siku ile ile inapohitajiwa zaidi. Huko Uingereza waliona pengo hilo; sheria yao ya mwaka 2005 inamruhusu mtu kumteua wakala ambaye uwezo wake hudumu hata akili ya mteuzi ikitoweka. Sisi hatujafika huko, nasi twathubutu kusema kwamba wabunge wetu wangefanya jema kulitazama jambo hili, kwa kuwa wazee wetu wanaishi zaidi kuliko babu zao.

Na wosia? Wosia wa mzee wetu upo, umefungwa vizuri katika bahasha. Lakini wosia hunena mtu akifa, naye hakufa. Kati ya uzima na mauti pana bonde, na katika bonde hilo karatasi yake haina sauti.

Njia iliyobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inawawezesha ndugu kuomba mahakama imteue msimamizi wa mali za mtu ambaye akili yake haiwezi tena kuzisimamia. Ni njia halali, lakini ina safari, gharama na kungoja. Tena inaleta swali ambalo katika milima hii ni zito kuliko mahali pengi: ndugu yupi?

Wenyeji mnajua, wageni mliohamia Morogoro tuwaeleze kwa kifupi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto wa mzee wetu ni wa lukolo la mama yao, si lake. Warithi wake kwa mila ni watoto wa dada zake, na shamba la migomba ni la lukolo. Yeye alikuwa mtunzaji tu. Hivyo mpwa aliyeleta karatasi hakuwa mwizi, alikuwa akitenda kama mila ilivyomfundisha kutenda mjomba anapoanguka. Wala binti aliyekunja mikono hakuwa na choyo, kwa sababu nyumba ya mjini haikutoka kwenye lukolo lolote; ilitoka katika mshahara wa baba na vitumbua vya mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kinga hiyo ni njema. Ila mama yetu yule, hata akitaka leo kuiweka rehani apate fedha za matibabu, ataipata wapi ridhaa ya mume asiyemtambua?

Hayo yote mzee angeweza kuyanyoosha kwa saa moja, akiwa ameketi na mpwa wake kulia na binti yake kushoto. Saa hiyo aliiomba kwetu, nasi tukaenda kigangoni.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, amwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungua, asimdharau kwa kuwa yeye ana nguvu zake kamili. Andiko hilo twalihubiri mara nyingi. Mara chache twafungua sura ya 33 ya kitabu hicho hicho, ambapo mwenye hekima amwonya mzazi asimpe mtu mamlaka juu yake angali hai, awe mwana, mke, ndugu au rafiki, wala asigawe mali yake mapema akaja kujuta na kuomba. Tukiri kwamba onyo hilo lina haki yake. Tumewaona wazee walioandikisha nyumba kwa mtoto mmoja ili kukwepa usumbufu, kisha wakawa wapangaji katika chumba cha uani. Kwa hiyo hatusemi wagawe. Twasema waseme.

Wanaodhani kwamba kuwaza mambo haya ni upungufu wa imani wawatazame Mapapa. Mnamo tarehe 2 Mei 1965 Paulo VI aliandika barua ya kujiuzulu, itumike endapo ugonjwa usiotibika au kizuizi kingine kikubwa kingemzuia kutimiza utume wake. Barua hiyo ilichapishwa mwaka 2018. Papa Fransisko naye, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika mahojiano ya mwaka 2022 kwamba tangu mwaka 2013 alikuwa amekwisha kutia sahihi hati ya namna hiyo na kuikabidhi kwa Kardinali Bertone. Nasi wenyewe, baada ya kukutana na kidole kile, tuliandika majina ya watu wawili ambao wangetusemea hospitalini, tukaiweka karatasi ofisini. Mkono ulitetemeka kidogo. Umri wetu bado ni wa miaka arobaini na kitu.

Mwenye mke au mume afikirie akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja anaweza kuchukua fedha peke yake, ikiwa wanaaminiana. Shamba la kijijini lililo la wawili liandikishwe kwa majina mawili, maana hatimiliki ya kimila yaruhusu. Na kila mzee aandike, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili za ukoo, nani angependa asimamie mambo yake. Mahakama haitafungwa na karatasi hiyo, lakini angalau mzee atakuwa na neno mle ndani.

Maombi ya familia ile bado yako mahakamani. Baada ya mabishano mengi, na vikao vitatu katika ofisi yetu ambavyo kimoja kiliishia kwa makelele, mpwa na binti walikubaliana kuyapeleka pamoja. Tulisafiri nao siku ya kwanza. Kesi iliahirishwa, wakaketi kwenye benchi moja wakigawana ndizi za kuchoma, hawazungumzi sana.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu tulimpelekea mzee Komunyo. Tulipoanza Baba Yetu midomo yake ilicheza, akaisali yote hadi mwisho, bila kosa. Kisha akatuuliza sisi ni nani.