Moshi mweusi si mwisho wa kazi

Mwaka 2007 nilikuwa mfagiaji katika kituo kidogo cha afya kule Bisie, Walikale. Wachimba kasiterite walikuwa wengi, na sindano vilevile. Kila jioni nilizitupa shimoni, namwaga petroli, nawasha. Nikiona moshi mweusi nasema kazi imekwisha. Kumbe plastiki ndiyo ilikuwa inaungua. Chuma kilibaki na ncha yake. Siku moja mtoto wa jirani akaingia kutafuta chupa, sindano ikamchoma mguu. Mama yake alingoja miezi mitatu apate majibu ya damu, na mimi usingizi ulinikimbia. Asante Mungu, mtoto alikuwa mzima.

Kisha fundi akatujengea tanuru la matofali, mfano wa lile la Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza. Bomba lake tulilibeba kichwani mwituni toka Njingala. Lina vyumba viwili: cha kwanza kinachoma taka, cha pili kinachoma moshi wake. Chumba hicho cha pili chahitaji joto kali sana. Sisi kipimo hatukuwa nacho.

Jaribio la kwanza tulitia taka tanuru likiwa baridi, moshi mweusi ukajaa kambini. La pili tulitanguliza kuni kavu mpaka likapata moto sana, kisha taka kidogo kidogo. Bombani ikatoka hewa inayotetemeka tu.

Sindano zilizobaki majivuni tulizizika kwa shimo lenye kifuniko.

Wewe unayefanya kazi hii, tazama bomba. Na shimo lako, ulifunike leo.