Mioyo mine, daftari moja



Tuliandika programu ya kuhesabu namna joto linatembea ndani ya sahani ya shaba. Ordinatere yetu iko na prosesere ya mioyo mine. Kwa moyo moja hesabu ilichukua dakika 12, na umeme hapa Kolwezi haungojake muntu. Tukagawanya sahani vipande vine, tukangoja dakika 3. Zikapita 19!

Tulitafuta kosa juma nzima, hata kugombana kidogo. Kumbe kwa kila alama ya sahani, mioyo yote ilikuwa inaongeza jumla katika nafasi moja ya kumbukumbu: moja inaandika, tatu zinangoja. Njo sawa watu wane wanaohesabu magunia na daftari moja. Tukapatia kila moyo jumla yake, tukaziunganisha mwisho wa kila mzunguko tu. Dakika 5.

Mbona si 3? Gene Amdahl alieleza mwaka 1967: kazi isiyogawanyika ndiyo inaweka mpaka. Ikiwa sehemu 1 ya 10, hata mioyo elfu haitapita mbio mara 10. Tena mioyo yetu inatumia njia moja kufika kwenye kumbukumbu. Jumamosi tutajaribu mioyo 3. Mwenzetu mmoja anabisha kwamba inatosha.