Joe ukutani

Wadau, nilikuwa kimya. Niko Nyamira kwa nyanya. Nyumba yake ya udongo inabomolewa. Ukutani, kati ya magazeti yaliyobandikwa kwa uji, nimeona katuni ya Joe, jarida la Terry Hirst na Hilary Ng'weno lililoanza 1973. Enzi hizo wachoraji hawakuthubutu kumchora rais, basi Joe, mwananchi wa kawaida, akasema yake.

Nakala zangu nne za Keroka nilizipitisha kwenye skana, nukta 600 kwa inchi, karatasi nyeusi nyuma ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze. Hii haibanduki! Nimeipiga picha 30 kwa simu, vipande vipande, programu iviunganishe.

Nyanya anacheka: "Mjukuu wangu, ukuta huu una nini?"

Mafundi wanakuja kesho saa mbili. Sikio la Joe bado halijakaa sawa.