Dodoki na Ndimu

Nilipokuwa na miaka 16, mama alinikalisha kwenye kigoda uani, akakata ndimu vipande viwili, akanisugua shingo kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha. Weusi haukutoka. Ulinizunguka shingo nzima kama kola ya shati lililovaliwa wiki, na ukiupapasa ni laini kama mahameli. Mama aliona haya, watu wasije wakasema binti yake hajui kuoga. Tulisugua hivyo kila Ijumaa, mwaka hadi mwaka. Miaka hiyohiyo nilikuwa naona siku zangu mara 3, labda 4, kwa mwaka mzima, na hilo hakuna aliyelishughulikia. Wenzangu shuleni waliniambia nina bahati. Nami nikaamini.

Leo nina miaka 33, ni mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Watu wakiniomba nitoe ushuhuda, wanachotaka kusikia ni habari ya mtoto. Nitaieleza. Lakini mtoto yuko katikati ya habari hii. Mwanzo wake ni ile shingo.

Nikiwa na miaka 19 nilikaa miezi 5 bila kuona siku zangu, nikaenda zahanati. Nikapimwa mimba. Majibu yakatoka kwamba sina, na mhudumu akaniambia, "Ukiolewa zitakaa sawa." Nikashukuru, nikarudi nyumbani.

Niliolewa mwaka 2016 na dereva wa lori. Mwaka wa kwanza watu walikuwa wakitania: lini mnatuletea mgeni? Mwaka wa pili utani ukaisha, wakaanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama usoni. Na kazi yangu ndiyo ile ya kushika matumbo ya wenzangu. Mwanamke mjamzito akija kushonesha gauni unampima kifua, unapima chini ya kifua, halafu unazungusha tepu tumboni na kumwachia nafasi ya kukulia. Siku moja nilizungusha tepu kwa mteja wa miezi 8, mtoto akacheza, tepu ikatikisika vidoleni mwangu. Nikaandika kipimo, nikampa tarehe ya kuja kuchukua nguo yake, nikafunga duka saa 8 mchana.

Mama mkwe wangu hakunisimanga hata siku moja, na ninataka hilo lijulikane. Aliumia pamoja nami. Ndiye aliyenipeleka kwa mganga upande wa Muheza, tukaambiwa nina chango, na juu ya chango nina jini mahaba asiyetaka nizae na binadamu. Nilichemsha mizizi, nikanywa, nikaoga. Baadaye nikanunua mwenyewe chupa za dawa ya kusafisha kizazi, nyingine kwa pesa ya kodi ya duka. Simbezi mtu anayetafuta nafuu kwa njia alizorithi kwa wazee wake. Ila kila dawa niliyopewa ilikuja na jibu mkononi. Hakuna aliyeniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini.

Swali hilo niliulizwa mwaka 2019, hospitalini, na daktari wa kike ambaye kabla ya kufungua cheti changu alikuwa ameshaitazama shingo yangu.

"Huu weusi una muda gani?"

"Samahani daktari," nikamjibu, "huwa nausugua, hautoki."

Akaweka kalamu chini. "Dada yangu, huo si uchafu. Insulini imezidi mwilini mwako, na ngozi ndiyo inayotoa habari."

Nilishindwa kumjibu. Nilimkumbuka mama na ndimu zake, na ile miaka yote niliyovaa mtandio umekaza shingoni kwenye joto la Tanga.

Akaniuliza na mengine. Nikamwambia ambayo hata mume wangu alikuwa hayajui: nywele za kidevuni, nilizokuwa nikizing'oa kwa kibano kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, taa ya simu mdomoni. Chunusi za mgongoni. Miezi 3, 4, 5 bila damu. Akaandika kwenye karatasi herufi nne, PCOS, akaniambia kuna mambo 3 wanayotazama: yai lisilopevuka kwa wakati wake, dalili za homoni za kiume kuzidi, na jinsi ovari zinavyoonekana kwenye altrasaundi. Mawili yakithibitika, na magonjwa mengine yanayofanana nayo yakiondolewa, jina linapatikana. Mimi nilikuwa nayo yote 3.

Kwenye kioo cha altrasaundi niliziona. Vidoa vidogo vyeusi vimejipanga pembezoni mwa ovari, kimoja baada ya kingine, kama shanga kiunoni. Siku nyingi nilikuwa nimesikia wanawake wakisema "uvimbe kwenye mayai", nikaogopa kisu. Daktari akanieleza kwamba si uvimbe. Ni vifuko, kila kimoja kina yai lililoanza kukua likakwama njiani. Kwa kawaida kila mwezi kimoja huwatangulia wenzake, kikapevuka, kikaachia yai. Kwangu hakuna kilichokuwa kinatangulia. Mwili wangu ulikuwa mgumu kuisikia insulini, kwa hiyo ukawa unatengeneza nyingi zaidi, na insulini ile nyingi ikawa inazichochea ovari zitoe testosteroni kupita kiasi, mayai yakazidi kukwama. Akaniambia pia wapo wanawake wembamba kabisa wenye tatizo hili, nisije nikadhani ni adhabu ya unene.

Kilichonikaa moyoni zaidi siku ile ni mwaka 1935. Ndio mwaka madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walipoandika habari za wanawake 7 wenye tatizo kama langu. Yaani lilishaandikwa kabla bibi yangu hajaolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanalo, na hadi asilimia 70 ya walio nalo hawajijui. Nilipotoka nje nikawatazama wanawake waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa, nikajikuta nawatazama shingo.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtoto. Daktari akaanza na hedhi. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, alisema, hujengeka hata kama yai halikupevuka, na usipomwagika kwa miezi na miezi unazidi kuwa mnene, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi huongezeka. Ile niliyoambiwa ni bahati! Akanipa vidonge vya siku 10 vya kuiteremsha damu. Nilitokwa na damu siku 8.

Kisha yakaja mambo ya chakula na mwili. Nilikuwa na kilo 88, akaniambia kupungua hata asilimia 5 tu kunaweza kuyaamsha mayai, na kwangu asilimia 5 ni karibu kilo 4 na nusu. Sukari niliiacha kwenye chai, na hapo nilipata tabu kuliko popote. Sembe nikaibadilisha kwa dona, maandazi ya asubuhi yakawa mayai na maharage, na baada ya swala ya alfajiri nikawa natembea mpaka Raskazone na kurudi. Metformini, dawa ileile ya wagonjwa wa kisukari, ilinivuruga tumbo wiki 3 ikatulia. Vidonge vya foliki asidi nikaanza mapema, kabla ya mimba. Miezi 7 baadaye nilikuwa nimepungua kilo 6. Tepu yangu mwenyewe ikasema kiuno kimetoka inchi 40 kikafika 37.

Mume wangu alitakiwa naye apimwe. Alikataa miezi 2. Hakugomba, alikuwa anabadilisha mazungumzo tu. Usiku mmoja nikamwambia, "Mimi nimeshatazamwa kila mahali na watu nisiowajua. Wewe unaombwa kikopo kimoja." Asubuhi akaenda. Majibu yake yalikuwa mazuri, lakini hata yangekuwa mabaya ningemheshimu vilevile kwa kwenda.

Dawa ya kupevusha yai niliyoandikiwa inaitwa letrozoli. Nilipoipeleka karatasi duka la dawa, kijana wa kaunta alinyamaza, akainama karibu: "Dada, hii si ya saratani ya matiti?" Miguu ilininyong'onyea. Nikarudi kwa daktari siku ileile bila dawa. Kweli ilianza kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, akanieleza, kwa sababu inapunguza estrojeni mwilini. Ukinywa siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko, ubongo unaona estrojeni imeshuka, unaongeza homoni ya kukuza mayai. Akanipa na hesabu: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2014, wanawake 750 wenye PCOS, mizunguko isiyozidi 5. Waliotumia letrozoli, 27 na nusu katika kila 100 walijifungua mtoto hai. Waliotumia dawa ya zamani, klomifeni, ni 19. Nashukuru hakunificha kwamba hata kwa dawa iliyo bora wengi hawakupata. Niliingia nikijua.

Mzunguko wa kwanza hakuna yai lililokua. Wa pili daktari akaongeza kipimo, altrasaundi ikaonyesha kifuko kimoja kimetangulia wenzake, milimita 19, na mume wangu alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Alipofika Tanga siku zimeshapita.

Wa tatu tulikuwa wote. Nikasubiri. Siku ya 29 asubuhi nikaona damu.

Nilikaa chini chooni nikalia, na nililia kwa mambo mawili, nayo yalikuwa makubwa sawasawa. La kwanza kila mwanamke aliyetafuta mtoto analijua. La pili ni kwamba nilikuwa na miaka 28, na ile ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu damu kuja siku inayotarajiwa. Yai lilikuwa limepevuka, mfuko ukalisubiri, halikushika, mwili ukafungua ukurasa mwingine. Mwili wangu ulikuwa unafanya kazi. Sidhani kama kuna siku iliyonibadilisha kuliko ile, hata siku ya mistari miwili.

Mistari miwili ilikuja mzunguko wa nne. Mama mkwe nilimwambia mimba ikiwa na wiki 12, akashika ukingo wa meza yangu ya kukatia nguo, akasema "Mwanangu" na hakuendelea. Nilipimwa sukari kwa kunywa maji ya glukosi, maana wenye hali yangu hupata kisukari cha mimba kwa urahisi zaidi, nikapita salama. Binti yangu alizaliwa mwaka 2020 na kilo 3.1.

Watu wanadhani hapo imeisha. Nilipomwachisha ziwa siku zangu zikarudi kwenda zinavyotaka, siku 50, siku 70. Nikarudi hospitali. Jirani alishangaa: "Si umeshazaa? Unatafuta nini tena?" Nikamjibu kwamba naumwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo bila kulifunga kwenye habari ya mtoto.

Mwaka jana kaka yangu aliniletea binti yake wa miaka 17 aje ajifunze kushona. Siku moja nilikuwa nampima blauzi. Nikainua nywele ili nipate kipimo cha kola, na tepu ikasimama. Weusi uleule, laini uleule. Pembeni ngozi ilikuwa imechubuka.

"Nausugua, shangazi," akasema upesi, macho chini. "Natumia chumvi na ndimu. Hautoki."

Nikamgeuza anitazame. Nikamwambia aache kusugua, huo si uchafu, nami ninao. Nikashusha mtandio nikamwonyesha shingo yangu, mbele ya mlango wazi wa duka na watu wakipita na baiskeli zao. Halafu nikamuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Akafikiri muda mrefu, akihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha akaanza wa pili.

Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikaandika mwezi alioutaja ukutani, juu ya cherehani yake.